Askari wa simu hakukaa nyuma salama

Wengi hudhani askari kijana wa kikosi cha mawasiliano katika Vita Kuu ya Kwanza alikaa handakini, simu sikioni, mbali na hatari. Kule Ufaransa na Ubelgiji kazi yake kubwa ilikuwa waya. Makombora yaliukata mara kwa mara, na aliyetumwa kuuunga alitoka huku mizinga ingali ikinguruma.

Aliushika waya mkononi na kuufuata, hata gizani. Njiani aliunganisha simu ya kupimia na kuita pande zote mbili. Upande usiojibu ndiko waya ulikokatika. Akipata ncha zote mbili, alichubua ganda, akafunga fundo, akasokota nyuzi za ndani, kisha akazungushia utepe. Fundo lilikuwa la lazima: bila hilo, waya ukivutwa kidogo tu unaachia. Ncha ya pili ndiyo iliyosumbua, maana mlipuko uliweza kuitupa mbali.

Kuzika waya futi 6, karibu mita 1.8, kulisaidia sana, ila kuchimba nako kulikuwa adhabu. Tena, waya mmoja uliotegemea ardhi kurudisha umeme ulivujisha maneno, adui akayanasa. Ndiyo sababu nyaya mbili zilizosokotwa pamoja zikapendelewa.