Mto wa Mbu: chora mpaka kwanza, ndipo utaje idadi ya watu

Swali linalonifikia mara nyingi kuhusu Mto wa Mbu, wilayani Monduli, mkoani Arusha, ni fupi: pale wanaishi watu wangapi? Jibu haliwezi kuwa tarakimu moja, maana jina hilo limebebwa na vitu vitatu visivyolingana. Kuna kata ya Mto wa Mbu. Kuna mji wenyewe kama anavyoujua mkazi au dereva wa basi, yaani nyumba, maduka na migomba inayofuatana bila kukatika, nao umemwagikia kata za jirani za Majengo na Migungani. Halafu kuna Mto wa Mbu ya waongoza watalii, inayopanda hadi hoteli zilizoko juu ya ukuta wa Bonde la Ufa, ambako kiutawala umeshaingia wilaya ya Karatu. Ukichukua watu wa kata ukawagawanya kwa eneo la mji, hesabu imeharibika kabla hujafika kwenye nukta.

Kwa hiyo mimi huanza na ardhi.

Mji umekaa chini kabisa ya ukuta wa Bonde la Ufa, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Manyara. Ziwa liko chini kidogo ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Karatu, ukishapanda kona za barabara na kutokea juu, iko karibu na mita 1,500. Huo mwanya ndio siri ya mji. Mvua inayonyesha kwenye nyanda za juu za Ngorongoro huzama kwenye miamba ya volkano, ambayo hupitisha maji kama chujio, kisha hutokeza chini ya ukuta kwa njia ya chemchemi. Ndiyo maana msitu wa Hifadhi ya Ziwa Manyara, ukiingia tu getini, una mikuyu mirefu na kijani cha mwaka mzima, ilhali kilomita chache mashariki ni nyika ya malisho iliyokauka. Msitu ule haunyweshwi na mvua ya bondeni. Unakunywa maji ya chini ya ardhi, na mji nao hali kadhalika.

Kabla ya miaka ya 1950 sehemu kubwa ya eneo hili ilikuwa kinamasi na kichaka, na jina lenyewe linaeleza nani walikuwa wenyeji wa kwanza. Serikali ya kikoloni ilipochimba mifereji ya kutoa maji kwenye kinamasi na kuyapeleka mashambani, wakulima walifuata kutoka kila upande. Ramani ya makazi bado inaonyesha hivyo: migomba iko karibu na chemchemi na mifereji mikuu, majaruba ya mpunga yako chini zaidi ambako ardhi ni tambarare na udongo ni mzito, na kadiri unavyoelekea ziwani ndivyo magadi yanavyozidi hadi mazao yanagoma. Ziwa lenyewe halina mto wa kutoa maji nje. Chumvi yote inayoingia hubaki, na kwa kuwa ni la kina kifupi, mvua ikizidi kidogo ufuko unasogea mbali sana. Majina ya sehemu za mji nayo ni somo la jiografia: Migombani, Migungani, Barabarani, Majengo. Anayetaka kujua mji ulikua kwa sababu gani asome hayo manne.

Hapa nigusie lile dai la makabila 120. Utalisikia kwa kila anayetembeza wageni sokoni. Kwamba mji una mchanganyiko mkubwa ni kweli, na chanzo chake ni hiyo mifereji. Lakini hakuna aliyehesabu. Sensa ya mwisho kuuliza kabila Tanzania ilikuwa ya mwaka 1967. Zote zilizofuata ziliacha swali hilo. Idadi ya 120 ni ile ile inayotajwa kwa nchi nzima, nami naona ilihamishwa tu kuletwa mjini.

Sasa tarakimu. Sensa ya 2012 iliipa wilaya ya Monduli watu 158,929, na ya 2022 ikaipa 227,585. Wengi hukokotoa ongezeko la mwaka kwa kuchukua asilimia 43.2 ya miaka kumi na kuigawa kwa kumi, wakapata asilimia 4.3. Kosa hilo linaonekana dogo, lakini lijaribu: anza na 158,929, ongeza asilimia 4.3 kila mwaka kwa miaka kumi, utafika karibu 242,000. Umezaa watu zaidi ya 14,000 ambao hawakuwepo, kwa sababu walioongezeka mwaka wa kwanza nao huongeza wa mwaka wa pili. Njia sahihi ni kugawa 227,585 kwa 158,929 upate 1.432, ubonyeze kitufe cha ln (logi asilia) kwenye kikokotoo upate 0.359, kisha ugawe kwa miaka kumi. Jibu ni asilimia 3.6 kwa mwaka. Mkoa wa Arusha, uliotoka 1,694,310 hadi 2,356,255, unatoa 3.3, nchi nzima, kutoka 44,928,923 hadi 61,741,120, ni 3.2. Na Karatu, jirani wa juu ya ukuta, kutoka 230,166 hadi 280,454, ni 2.0 tu. Wilaya mbili zinazopakana, moja inakua karibu mara mbili ya kasi ya nyingine. Anayepangia Mto wa Mbu kwa kutumia wastani wa mkoa ajue hilo.

Mtego mkubwa zaidi uko ukirudi nyuma hadi 2002. Sensa ya mwaka huo inaonyesha Monduli ina watu 185,237. Ukiweka karibu na 158,929 ya 2012 utadhani watu zaidi ya 26,000 wametoweka, na nimeona ripoti zikieleza huko "kupungua" kwa ukame na vifo vya mifugo. Hakuna aliyetoweka. Katikati hapo Longido ilimegwa ikawa wilaya yake. Jumlisha Longido ya 2012, watu 123,153, upate 282,082, ndipo ulinganishe.

Kwenye ngazi ya kata mtego huo hutegwa mara kwa mara zaidi, kwa sababu kata hugawanywa kwa wepesi kuliko wilaya. Utaratibu ninaoufuata ni huu. Kwanza, naandika orodha ya kata, vijiji na vitongoji kama ilivyokuwa usiku wa kila sensa, si kama ilivyo leo. Pili, natafuta Tangazo la Serikali lililoanzisha kata mpya na kuona ilichukua vijiji gani. Tatu, narudisha vipande mahali pake: ninajumlisha kata zilizozaliwa hadi nipate eneo lile lile la zamani. Eneo likishalingana ndipo nakokotoa ongezeko. Kwa mji kama Mto wa Mbu, uliokwisha kuvuka mpaka wa kata moja, kujumlisha ndiyo njia pekee. Kata yenye jina la mji peke yake itakupa mji uliokatwa mikono. Usisahau pia kwamba kata ya namna hii inaweza kuwa na vitongoji vilivyoshonana kama mji na vingine vya malisho matupu, na majedwali ya sensa huziita kata mchanganyiko. Ukiandika "mjini" kwa kata nzima umewahesabu wafugaji kuwa wenye maduka.

Hata neno "mji mdogo", ambalo watu hulitumia kwa sehemu kama Mto wa Mbu, lina uzito wa kisheria. Katika mazungumzo ni sehemu yoyote yenye stendi na soko. Katika Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, mamlaka ya mji mdogo huundwa ndani ya halmashauri ya wilaya, na chini yake hakuna vijiji wala mitaa, ni vitongoji. Matokeo yake humfikia mtu shambani: ardhi iliyokuwa ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inahamia kwenye Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka huo huo, na mambo ya viwanja hufuata Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Kwa mtu wa takwimu maana yake ni kwamba safu ya "kijiji" kwenye jedwali inaweza kutoweka kati ya sensa mbili, na ukilinganisha kwa jina la kijiji tu hutapata cha kulinganisha.

Kisha kuna suala la usiku. Sensa ya Tanzania humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa; mwaka 2022 ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, na 2012 tarehe 26 Agosti. Agosti Mto wa Mbu ni nini? Ni msimu wa juu wa utalii, kwa hiyo hoteli na kambi zimejaa, na wageni waliolala huko wamo kwenye hesabu. Ni pia katikati ya kiangazi, ambapo vijana wa kifugaji wa vijiji vya mashariki huwa wameondoka na ng'ombe kufuata majani na maji. Mji unavimba kidogo, malisho yanapungua kidogo, na vyote viwili huonekana kwenye jedwali kama tofauti ya kudumu. Dawa yake ni kutenganisha walio kwenye kaya za kawaida na waliohesabiwa katika makundi maalumu, kama wageni wa hotelini, na kwa upande wa wafugaji kuangalia uwiano wa wanaume wa miaka 15 hadi 30 dhidi ya wanawake wa umri huo. Ukiona wanaume ni wachache mno, kabla ya kuandika insha kuhusu uhamiaji, angalia kalenda.

Msongamano wa watu ndio unaopotosha kuliko vyote. Monduli ina zaidi ya kilomita za mraba 6,000, hivyo wastani wake haufiki hata watu 40 kwa kilomita ya mraba. Wastani huo haumwelezi mtu yeyote: si wa migombani, ambako nyumba zinagusana, wala wa nyikani, ambako unaweza kutembea nusu saa hujaona boma. Kata inayofika ziwani ina kosa la ziada. Chukua tarakimu za kubuni kwa ajili ya hesabu tu: watu 12,000, eneo la kilomita za mraba 60, ambamo 40 ni maji na ufuko wa magadi. Ukigawa kwa 60 unapata watu 200. Ukigawa kwa 20 zinazokalika unapata 600. Kwa hiyo kwanza ondoa ziwa, hifadhi na ufuko unaofurika. Na kwa Manyara tumia mstari wa maji yalipopanda sana, kama mwaka 2020, si picha ya setilaiti ya Oktoba ambapo ufuko mpana unaonekana kama kiwanja kinachomsubiri mnunuzi.

Katikati ya sensa watu hupenda kuhesabu mapaa kwenye picha za setilaiti. Njia ni nzuri ukiijua hila yake. Usizidishe mapaa moja kwa moja kwa 4.3, wastani wa kaya wa taifa wa 2022. Paa si kaya. Kando ya barabara kuu nyumba moja ndefu ya vyumba vya kupanga inaweza kuwa na kaya sita. Ndani ya boma, nyumba kadhaa zinaweza kuwa za familia moja, nyingine ni jiko au za ndama. Na migombani majani huficha mapaa kabisa, hasa ya nyasi. Gawanya eneo kwenye makundi hayo matatu, tembelea mapaa kama 50 katika kila kundi, uliza ni kaya ngapi zinalala pale, kisha tumia wastani wa kila kundi na ukubwa wa kaya wa kata husika. Kwenye migomba ongeza kazi ya mguu, maana picha peke yake itakupunguzia watu pale pale wanapobanana zaidi.

Na kubanana huko ndiko kunakoamua mambo kama vituo vya maji. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kimoja kwa watu wasiozidi 250, na kisiwe mbali zaidi ya mita 400. Kwa kipimo hicho, kitongoji cha watu 1,500 kinahitaji vituo sita na lita 37,500 kwa siku. Chini ya ukuta, mita 400 hutimia bila shida. Kinachovunjika ni zile 250, foleni ya madumu ndiyo shahidi. Upande wa malisho ni kinyume: kituo kinaweza kuwa na watu 80 tu, na nusu yao wakatembea kilomita mbili kukifikia. Kata moja, wastani mmoja, lakini chini ya ukuta unaongeza mabomba kwenye kituo kilichopo, na upande wa malisho unachimba kisima kipya.