Ohio haikuzaliwa mwaka 1953

Eti Ohio haikuwa jimbo halali la Marekani hadi 1953? Si kweli. Sheria ya Februari 19, 1803 ilitamka wazi kwamba Ohio imekwisha kuwa jimbo, na Machi 1 baraza lake la kutunga sheria likakaa katika mji wa Chillicothe kwa mara ya kwanza. Kilichokosekana ni azimio rasmi la kuipokea. Pengo hilo liliibuliwa wakati jimbo likiadhimisha miaka 150. Bunge la Marekani likapitisha azimio, Rais Eisenhower akalisaini Agosti 7, 1953, tarehe ikirudishwa nyuma hadi Machi 1, 1803. Lilikuwa la heshima kuliko la lazima. Wapinga kodi ya mapato walilishikia bango mahakamani, wakidai Ohio haikuwa jimbo kodi hiyo ilipoidhinishwa, wakagonga mwamba.