Igizo Shirikishi Si Tangazo Lenye Ngoma

Igizo shirikishi ni lile ambalo watazamaji nao huingia kutafuta suluhu ya kero yao. Dhana hizi tano juu yake ni potofu.

Dhana: Ni njia ya kufikisha ujumbe kwa wananchi.

Hii ndiyo kongwe, na ndiyo inayolipiwa posho. Kikundi kinafika gulioni na spika, ngoma inapigwa watu wajae. Mlevi anampiga mkewe, mtendaji anatokea na kumkamata, kisha mshereheshaji anauliza: "Tumejifunza nini?" Watoto wanaitikia kwa pamoja, fulana zinagawiwa. Wananchi wameambiwa, hakuna aliyewauliza.

Paulo Freire, mwanaelimu wa Brazili, alishaikosoa elimu ya namna hiyo: mwalimu anaweka, mwanafunzi anapokea, kama akaunti ya benki. Mbrazili mwenzake Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo aliyekwenda uhamishoni mwaka 1971 baada ya kukamatwa na kuteswa na utawala wa kijeshi, aliipeleka hoja hiyo jukwaani. Mwaka 1973 alikuwa Peru kwenye kampeni ya kisomo. Watazamaji walitoa mapendekezo, waigizaji wakayaigiza.

Siku moja kililetwa kisa cha mwanamke asiyejua kusoma. Mumewe alikuwa akimpa karatasi amtunzie, eti za malipo ya nyumba. Jirani akamsomea: barua za hawara. Mume anarudi, afanyeje? Mama mmoja wa miraba minne akapendekeza azungumze naye waziwazi, ndipo amsamehe. Waigizaji wakajaribu, hakuridhika. Wakarudia, akazidi kuwaka. Boal akamwambia apande mwenyewe. Akapanda, akamtandika yule "mume" kwa ufagio, kisha akamtuma jikoni akamletee chakula. Mwigizaji gani angebuni hayo kwa niaba yake?

Dhana: Ni burudani tu, tena inahitaji waigizaji waliosomea.

Serikali ya Kenya haikuiona kuwa burudani. Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977, wakulima, vibarua na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha jirani walijijengea ukumbi wa wazi wakaigiza kwa Kikuyu. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ndio walioandika rasimu, lakini wanakijiji waliichambua: mzee haongei hivi, kibarua hanyonywi hivyo, tupige hesabu vizuri. Igizo lilianza Oktoba. Novemba kibali kikafutwa. Desemba 31 Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kesi, akakaa karibu mwaka mzima. Machi 1982 polisi wakaubomoa ukumbi.

Dhana: Ni mambo ya Amerika ya Kusini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Muhando, walifanya kazi hii Malya, wilayani Kwimba. Kero walizipata kwa wenyeji, na ngoma ni zao.

Dhana: Kila pendekezo la mtazamaji hupokelewa.

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapochemsha. Anayepanda jukwaani huchukua nafasi ya anayeonewa au ya mtu anayeweza kumsaidia, si ya mwonevu. Ukimgeuza mwonevu, tuseme mwenye shamba, awe mpole ghafla, huo ni uchawi, si suluhu. Msimamizi, ambaye Boal alimpa jina la karata ya jokeri kwa kuwa haina upande, hatoi jibu, anaigeukia hadhira: "Hili linawezekana hapa kwetu?" Wakisema hapana, onyesho linarudiwa na mwingine anajaribu. Igizo linaweza kwisha bila jibu na bado likawa na faida. Tuseme kisa ni cha mjane aliyenyimwa mirathi: wajane watano wakijaribu kwa zamu na wote wakagonga mwamba, hakuna tena wa kudai kwamba yule wa kwanza alikosa ujasiri tu. Sasa ndipo mnaanza kuzungumzia mirathi.

Dhana: Watu wakitawanyika, kazi imekwisha.

Boal alikuwa diwani wa Rio de Janeiro kuanzia 1993 hadi 1996. Yaliyojaribiwa na watazamaji yaliandikwa, wanasheria wakayageuza miswada, na 13 ikawa sheria za jiji. Mmoja uliitaka kila hospitali ya manispaa iwe na wataalamu wa magonjwa ya wazee.