"Matatu hazina ratiba": dhana zinazoharibu data ya usafiri Nairobi

"Matatu hazina ratiba, kwa hivyo haziwezi kuingia kwenye apu ya safari." Wasimamizi wa sacco (vyama vya matatu) husema hivi, waunda apu nao hivyo hivyo, na inachosha. Ramani ya Digital Matatus, mradi wa kukusanya data ya njia za matatu, ilitoka 2014 na njia zaidi ya 130, na mwaka uliofuata njia hizo zikaonekana kwenye Google Maps. Hakuna kondakta aliyepewa saa ya kuondoka.

GTFS, muundo wa faili ambao apu za safari husoma data ya usafiri, ina faili ya frequencies.txt kwa kazi hiyo hasa: magari yasiyo na ratiba. Huandiki gari linatoka saa ngapi. Unaandika yanafuatana kwa muda gani. Simama steji ya mwanzo saa nzima, hesabu magari yanayojaa na kuondoka, kisha gawa 3600 kwa idadi hiyo. Magari 12 ni sekunde 300 kati ya gari na gari, ndiyo headway_secs. exact_times, sehemu inayosema kama saa ni kamili, iwe 0. Ukiweka 1, apu itamwahidi abiria gari la saa moja na dakika tano kamili, naye atakutukana, na ana haki.

Wengi huharibia kwingine: wanapima safari Jumapili asubuhi, barabara iko wazi, halafu kipimo hicho kinatumika wiki nzima. Rongai hadi tao (katikati ya Nairobi) Jumatatu alfajiri ni safari nyingine kabisa! Tengeneza trip_id (kitambulisho cha safari) mbili, ya jam na ya barabara tupu, kila moja na stop_times zake, yaani nyakati za kufika kila steji. Kinachohesabiwa hapo ni dakika za kutoka steji hadi steji, basi anza na 00:00:00. Huduma ikiisha saa saba na nusu usiku, end_time kwenye frequencies.txt ni 25:30:00, si 01:30:00.

"Apu imeharibika, njia zimepotea." Kabla ya kulaumu apu, fungua calendar.txt, faili ya siku ambazo huduma ipo na tarehe inapoisha. Mara nyingi end_date imepita na hakuna aliyeisogeza.

"Steji ikihamishwa, badilisha viwianishi tu." Ikisogea mita 20, sawa, stop_id (kitambulisho cha steji) ibaki ile ile. Ikitolewa katikati ya mji ikapelekwa kituo cha Green Park, hiyo ni stop_id mpya, na shapes.txt, mstari wa njia kwenye ramani, ichorwe upya.

"Gari la Expressway ni njia ile ile, ila lina kasi." Likishapanda juu ya barabara hiyo ya kulipia haliwezi kushusha mtu Bellevue, steji ya barabara ya chini. Lipe trip_id yake, na steji linazoruka zisiwemo kwenye stop_times.