Khanga, cheti na daftari: dhana potofu kuhusu wanawake wanaoshika hesabu za fedha Nyanda za Juu Kusini

Ikikaribia tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, kumbi za Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe hujaa vitenge vya sare. Mgeni rasmi huchelewa, hotuba husomwa, vyeti hugawiwa. Anayeitwa mbele mara nyingi ni aliyekopa pesa nyingi au anayefahamika na waandaaji. Mama aliyeshika daftari la kikundi miaka sita mfululizo, na hesabu ikakubali kila mwaka, yuko nyuma ya ukumbi anahesabu soda zilizobaki. Kasoro hiyo inatokana na mambo kadhaa ambayo watu wameyaamini hadi yakaonekana ni ya kweli.

Dhana: Ushauri wa fedha ni kazi ya ofisini. Wa kikundi "anaandika tu".

Ukweli: Tazama kikao kimoja cha kikundi cha hisa kinavyokwenda, kiwe Igurusi, Ilula au Mbalizi. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, na hakuna hata mmoja kati yao anayelala na sanduku nyumbani kwake. Kabla pesa mpya haijaingia, katibu anasoma salio la wiki iliyopita, na waliomo wanathibitisha kwa sauti. Kisha wanachama wanaitwa kwa namba: hisa zinanunuliwa, kuanzia moja hadi tano, muhuri unagongwa kwenye kitabu cha mwanachama, na visanduku vilivyobaki vitupu kwenye mstari huo vinapigwa kalamu papo hapo ili mtu asije kujiongezea hisa usiku. Mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida, unahesabiwa peke yake, wala hauchanganywi na wa mikopo.

Sasa fanya hesabu. Kikundi cha watu 20, hisa moja shilingi 5,000. Mwisho wa mzunguko, siku ya kugawana, daftari linaonyesha hisa 3,000, yaani shilingi 15,000,000. Riba na faini zimeleta 2,400,000. Jumla ni 17,400,000, na kila hisa inatoka na 5,800. Mwenye hisa 150 aliweka 750,000, anaondoka na 870,000. Lakini ikiwa vitabu vya wanachama vina mihuri 3,020 huku daftari kuu likisema 3,000, maana yake kuna 100,000 ambayo haikuandikwa au haikuingia sandukuni. Wakigawa kwa mihuri, hisa inashuka hadi takribani 5,761, na mwenye hisa 150 anapoteza karibu 5,800, thamani ya hisa nzima. Ndipo watu husimama, mlango ukafungwa kwa ndani, na urafiki wa miaka ukaishia hapo. Katibu anayelinganisha mihuri na daftari kila baada ya wiki nne hafiki huko. Anachofanya ni ukaguzi wa hesabu, ingawa hakuna aliyewahi kukiita hivyo.

Na ushauri anatoa. Mwanachama akitaka 300,000 kwa miezi mitatu, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, katibu mzuri humuuliza kwanza: riba inahesabiwa juu ya nini? Ikihesabiwa juu ya mkopo wote kila mwezi, riba ni 90,000. Akirejesha 100,000 kila mwezi na riba ikahesabiwa juu ya deni lililobaki, ni 30,000, kisha 20,000, kisha 10,000, jumla 60,000. Tofauti ya 30,000 ni mbolea ya kukuzia kipande cha shamba. Wengi husaini bila kuuliza swali hilo.

Hapa pana mpaka wa kuheshimu. Mshauri wa uwekezaji, kwa maana ya sheria, hupewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Wakala wa bima yuko chini ya TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, na mhasibu mwenye CPA, cheti cha juu cha uhasibu, husajiliwa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Kumwandikia katibu wa kikundi cheti cha "Mshauri Bora wa Uwekezaji" ni kumtafutia matatizo. Mwandikieni alichofanya: mtunza hesabu wa kikundi, mzunguko wa mwaka fulani, wanachama kadhaa, kiasi fulani kiligawiwa, tofauti ya hesabu sifuri. Maneno hayo yana uzito kuliko "mwanamke shupavu".

Dhana: Wanawake wameingia kwenye mambo ya fedha juzi juzi, kwa kubebwa.

Ukweli: Mbinu ya sanduku na hisa ambayo vikundi vingi vya hapa vinaitumia ina mizizi Maradi, nchini Niger, ambako mwaka 1991 shirika la CARE lilifanya kazi na vikundi vya wanawake vilivyoitwa Mata Masu Dubara. Huko India, Ela Bhatt na wenzake wa SEWA, chama cha wanawake waliojiajiri, walifungua benki yao mwaka 1974, kwa ajili ya wanawake wachuuzi na vibarua ambao benki nyingine hazikuwataka. Marekani, Maggie Lena Walker alianzisha benki ya akiba mjini Richmond mwaka 1903. Kwetu, Zakia Meghji aliingia Wizara ya Fedha akiwa waziri mwaka 2006, na Ruth Zaipuna ameongoza benki ya NMB tangu mwaka 2020. Benki hiyo ilipouza hatifungani ya Jasiri mwaka 2022, iliyolenga biashara za wanawake, ilitafuta shilingi bilioni 25 ikapata zaidi ya bilioni 74. Wawekezaji hawatoi pesa ya namna hiyo kwa huruma.

Dhana: Benki au kampuni yenye neno "wanawake" kwenye jina ndiyo inayowatambua wanawake.

Ukweli: Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano zilizokuwa na mtaji pungufu. Mojawapo ilikuwa Covenant Bank for Women, na nyingine ilikuwa ya huku kwetu, Benki ya Wananchi Njombe. Jina halizibi pengo la mtaji. Kabla ya kuipongeza taasisi kwa kujali wanawake, uliza mambo yasiyo na mapambo: wangapi wako kwenye bodi, wangapi ni mameneja wa matawi, na mikopo mingapi imetoka kwa jina la mwanamke mwenyewe, si kwa jina la mumewe yeye akiwa mdhamini.

Dhana: Mama aliyeolewa hawezi kukopa wala kuweka dhamana bila ruhusa ya mume.

Ukweli: Hii bado inasikika hata mjini, tena kwenye kaunta. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 56, inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na ya mwanamume ya kupata mali, kuimiliki, kuiuza na kuingia mikataba. Ridhaa inayotakiwa ni ya nyumba ya familia, kifungu cha 59, nayo inakata pande zote mbili: baba naye hawezi kuiweka rehani bila mkewe kukubali. Afisa mikopo anayemtaka mama alete barua ya mume ili akopeshwe kwa dhamana ya mashine yake ya kusaga ameongeza sharti la kwake. Na mama anayelijua hilo akawafafanulia wenzake kikaoni, huo nao ni ushauri wa fedha unaostahili kuandikwa.

Dhana: Wanawake hulipa mikopo vizuri kwa asili yao, basi tuwapongeze kwa hilo.

Ukweli: Sifa hii ni tamu lakini ina mwiba. Marejesho mazuri yana sababu zinazoonekana: mkopo mdogo unaolingana na kipato, wenzako watano wanaokudhamini, kikao cha kila wiki ambacho huwezi kukikwepa. Ukiita hayo "asili", mkopeshaji mbaya anasikia kitu kingine: hawa hata ukiwakamua watalipa. Ndivyo mikopo ya kausha damu, ile ya riba kali, ilivyoingia sokoni Mwanjelwa na kwenye magenge ya Makambako. Mama anauza godoro ili asiaibike mbele ya wenzake, na kwenye ripoti anaonekana mlipaji bora. Kwa taarifa ya wengi, Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wa daraja la pili, wale wasiopokea amana, ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Riba ya kikundi inaweza kuwa juu zaidi, ila tofauti yake ni kwamba mwisho wa mzunguko inarudi kwa wanachama wenyewe.

Anayefaa kupongezwa ni yule aliyepanga rejesho lifuate shamba. Viazi mviringo vya Uyole na Njombe huchukua siku 90 hadi 120 shambani. Mkopo unaodai rejesho kila Ijumaa kuanzia wiki ya kwanza unalipwa kwa mkopo mwingine. Parachichi ya Hass iliyobebeshwa haitoi chochote cha maana kabla ya mwaka wa tatu, kwa hiyo miche ya Rungwe isinunuliwe kwa mkopo wa miezi sita hata ukiwa na riba ya sifuri. Iwekewe akiba au ifidiwe na ndizi na mahindi yanayopandwa katikati yake. Kisha kuna lumbesa. Mwenye kilo 2,600 za viazi akipiga hesabu ya mkopo kwa magunia ya kilo 100 ana magunia 26. Mnunuzi akija na gunia la kufungwa kwa kilemba, la kilo 130, yanabaki 20 kwa bei ileile. Magunia sita yamekwenda, na ndiyo yaliyokuwa rejesho. Mwanamke anayewafundisha wenzake kuuza kwa mizani, na kuandika kilo badala ya magunia kwenye fomu ya mkopo, ameokoa pesa nyingi kuliko semina nzima ya ujasiriamali.

Dhana: Afisa mikopo bora ni aliyetoa mikopo mingi.

Ukweli: Kutoa ni rahisi. Mkitaka kumtunuku afisa, mwanamke au mwanamume, angalieni mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30, na muihesabu inavyotakiwa. Tuseme jumla ya salio analosimamia ni 50,000,000. Marejesho yaliyokwama ni 600,000, na yeye anaripoti asilimia 1.2. Lakini mikopo yenye marejesho hayo bado ina salio la 4,000,000, na lote liko hatarini. Kwa hiyo jibu ni asilimia 8. Halafu ombeni orodha ya mikopo iliyoandikwa upya, ile ambayo mteja aliyeshindwa alipewa mkopo mpya ili kufuta wa zamani. Hapo ndipo takwimu nzuri hujificha. Mara nyingi afisa mwenye mikopo michache, anayekataa maombi na kueleza sababu, ndiye wateja wake wanarudi msimu unaofuata wakiwa na mtaji zaidi. Kwenye mashindano ya mauzo ya tawi huwa wa mwisho.

Dhana: Wakala wa pesa za simu ni muuzaji tu.

Ukweli: Pesa taslimu na floti, yaani salio la wakala kwenye simu, ni pande mbili za mizani ambayo haruhusiwi kuiacha ilale upande mmoja. Mpunga ukivunwa Mbarali watu wanataka taslimu. Shule zikifunguliwa Januari wanatuma ada na floti inakauka. Anayelijua hilo wiki mbili kabla ni mtu wa fedha, na kigezo cha kumpima ni siku ngapi kwa mwezi alimwambia mteja "hakuna".

Dhana: Khanga, picha na cheti vinatosha.

Ukweli: Mtu asikatae khanga, lakini isiwe ndiyo yote. Anzeni na posho ya katibu na mhazini, iingizwe kwenye katiba ya kikundi, hata kama ni 2,000 kwa kikao. Kazi isiyo na bei huonekana haina ujuzi. Pili, vigezo vitangazwe mwanzoni mwa mzunguko, si wiki ya sherehe. Vinne vinatosha: hesabu zilizolingana, mahudhurio ya kikao, mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30, na wanachama wangapi wanaweza kusoma kitabu chao wenyewe bila kusaidiwa. Hiki cha mwisho hupimwa kwa dakika kumi tu: chagueni watu watano kwa kura, kila mmoja afungue kitabu na aeleze ana hisa ngapi na anadaiwa nini. Tatu, anayependekezwa asiwe kwenye kamati inayochagua. Kwenye vikundi vidogo hili husahaulika, na mwenyekiti hujikuta amejipa zawadi.

Nne, pamoja na cheti, atoke na barua yenye takwimu za vigezo hivyo, imesainiwa na mwenyekiti na afisa maendeleo ya jamii wa kata. Akienda kuomba kazi ya ukarani SACCOS, au kikundi chake kikiomba mkopo usio na riba wa halmashauri, ule wa asilimia nne ya mapato ya ndani zinazotengewa wanawake, barua ya namna hiyo ina cha kusomwa.

Barua haiandikiki bila ushahidi, na ushahidi ndio hupotea kwanza. Baada ya mgao, kamati mpya hununua kaunta buku mpya, na la zamani linaishia kufungia karanga. Lipigwe picha kurasa zote kwa simu kabla sanduku halijafungwa siku ya mgao, nakala moja ibaki kwa katibu anayeondoka na nyingine kwa anayeingia, na daftari lenyewe lihifadhiwe angalau mizunguko mitatu.