Mtoto anaandika "halafu, halafu, halafu": wazazi tusaidiane

Wazazi wa Mtwara na Lindi, salaam. Siku hizi malalamiko ni yale yale, mtoto kajaza ukurasa mzima wa insha halafu kapewa maksi kiduchu, eti mwalimu anamwonea. Nimeyafungua hayo madaftari. Moja liliandikwa hivi: "Kimbunga kilikuja halafu barabara ikakatika halafu magari yakakwama halafu baba akalala njiani."

Kweli tupu, kimbunga Hidaya cha Mei 2024 nani kakisahau. Ila "halafu" inasema nini kilifuata, haisemi nini kilisababisha. Hapo angeweka "kwa hiyo" moja tu, au aanze na baba: baba alilala njiani kwa sababu barabara ilikatika.

Tena haya mambo watoto wanayajua. Muulize akiwa chini ya mkorosho, kwa nini tunapuliza salfa, ile dawa ya mikorosho? Atakwambia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, unakausha maua, maua yakikauka hakuna korosho. Umeona, sababu na matokeo kavitoa mwenyewe bila kufundishwa! Akifika kwenye karatasi anageuza: "Ubwiriunga umeingia kwa sababu baba amepuliza salfa." Msimsahihishie, muulizeni kipi kilianza, anacheka mwenyewe anafuta. Kwenye "ili" aangalie na mwisho wa kitenzi, baba anapuliza salfa ili maua yasikauke, siyo "ili maua hayakauki".

Na jamani tuache kusingizia lugha za nyumbani, Kimakonde au Kimwera. Bibi anayemwambia mjukuu usipite pale kwa sababu kuna siafu, kwa lugha yoyote ile, keshafundisha nusu ya somo.

Sasa utaratibu. Una malalamiko ya maksi, anza kwa mwalimu wa darasa, uende na daftari lenyewe, msipoelewana mwalimu mkuu, kisha kamati ya shule, ndipo afisa elimu kata. Ukianzia kwa mkuu wa wilaya utarudishwa kwa mwalimu wa darasa, na nauli imeshakwenda. Wale wanaowaandikia watoto insha wakariri, mnajisumbua, swali likibadilika kidogo mtoto amekwama. Akikutwa na karatasi hiyo kwenye chumba cha upimaji wa darasa la nne ni udanganyifu, matokeo yanaweza kufutwa, na hapo mimi sina cha kukusaidia.

Halafu "kwa sababu" ni maneno mawili. Hizo "kwasababu" nazikuta mpaka kwenye barua za malalamiko zenyewe.