Miligramu si mililita: maswali ya wazazi kuhusu dawa za maji

Miligramu na mililita zinatofautianaje?
Miligramu (mg) ni uzito wa dawa yenyewe. Mililita (ml) ni ujazo wa maji yaliyobeba dawa hiyo. Gramu 1 ni mg 1000, lita 1 ni ml 1000. Hakuna njia ya kutoka mg kwenda ml bila kusoma lebo ya chupa.

Si parasetamoli ni parasetamoli tu, kijiko kimoja?
Hapana. Sirapu nyingi za watoto zina mg 120 katika kila ml 5. Matone ya wachanga yanaweza kuwa na mg 100 katika ml 1 tu. Mtoto wa kilo 8 aliyeandikiwa mg 100:
mg ulizoandikiwa ÷ mg za lebo × ml za lebo.
Sirapu: 100 ÷ 120 × 5, yaani kama ml 4. Matone: ml 1. Ukimpa "kijiko kimoja" (ml 5) cha matone umemnywesha mg 500, mara tano ya dozi yake. Chupa ikibadilika, hesabu inaanza upya. Hata kama jina ni lile lile.

Kijiko cha jikoni kinafaa?
Hakifai. Cha kupimia ni ml 5. Cha nyumbani kwako hakuna anayejua. Kifuniko cha soda ndiyo hakifai kabisa, tafadhali. Tumia kipimo kilichokuja na dawa au bomba la sindano lisilo na sindano.

ORS, ile dawa ya kuchanganya na maji kwa mtoto anayeharisha, je?
Soma pakiti. Ikisema lita 1, ni maji ya chupa mbili za ml 500, pakiti nzima, si nusu pakiti kwenye glasi.

Nimezidisha parasetamoli, lakini mtoto anacheza vizuri. Nisubiri?
Usisubiri. Ini linaweza kuwa linaharibika huku mtoto anacheza siku nzima ya kwanza.

Nimpe maziwa kwanza kukata sumu?
Maziwa hayakati parasetamoli. Usimtapishe pia. Nenda hospitali.

Hata usiku? Asubuhi si karibu?
Hata usiku. Dawa ya kulinda ini hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8 tangu alipomeza, na kulala tu kunazimaliza. Beba chupa yenyewe, uzito wa mtoto kutoka kwenye kadi ya kliniki, na saa ya kila dozi.